Asilimia tano ya prosesa ni asilimia tano ya nini?

Wiki hii nimeombwa tena, kwa mara ya nne mwaka huu: "Watumiaji wako ishirini, wawekee kila mmoja asilimia tano ya prosesa, mambo yawe sawa." Aliyeomba ni mtu makini. Anatunza seva ya Linux ya watafiti yenye viini 32 (vitengo vya prosesa, kila kimoja hufanya kazi yake), na amechoshwa na mwanafunzi mmoja anayeendesha hesabu zake usiku kucha.

Maji ya tangi usipoyatumia leo utayakuta kesho. Muda wa prosesa usipotumika sekunde hii umeshapotea. Saa nane usiku yule kijana yuko peke yake kwenye mashine, na ukimbana hapo unamnyima bila kumpa mwingine chochote. Ugomvi huwapo pale tu watu wawili wanapokitaka kiini kimoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jiulize zamu zigawanywe vipi wakati huo.

Wengi hukimbilia nice, amri ya kushusha au kupandisha kipaumbele cha programu. Nice haimjui mtu, inajua mchakato, yaani programu moja inayoendeshwa, na mwenye michakato 60 bado atamlemea mwenye mmoja. Tena tangu Linux 2.6.38 ya mwaka 2011 kuna autogroup, inayokusanya pamoja michakato ya kikao kimoja cha mtumiaji: ikiwa imewashwa, nice hupimana na michakato ya kikao kilekile tu, na jirani wa kikao kingine hapati nafuu yoyote. Ulimit -t, amri ya kuwekea mchakato kikomo, ndiyo haihusiki kabisa. Huhesabu sekunde za prosesa za mchakato mmoja, zikiisha mchakato unauawa. Nimeshuhudia kazi ya siku mbili ikikatwa hivyo, na aliyeiweka aliamini ile namba ni asilimia.

Kinachomtambua mtu ni cgroup, njia ya Linux ya kukusanya michakato kwenye makundi na kuyagawia rasilimali. systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, humweka kila anayeingia kwenye slice yake, yaani kundi lake, mathalani user-1001.slice. Tengeneza saraka /etc/systemd/system/user-.slice.d, weka humo faili la .conf lenye [Slice] na chini yake CPUWeight=100, yaani uzito wake wakati wa kugombania prosesa, kisha endesha systemctl daemon-reload ili systemd isome mipangilio upya. Utasema 100 ndiyo thamani ya kawaida. Ni kweli, lakini kwenye seva kadhaa nilizokuta, mgawanyo wa prosesa baina ya watumiaji haukuwa umewashwa hadi mtu alipouandika. Baada ya hapo wawili wakigombana kila mmoja hupata nusu, na aliye peke yake huchukua mashine nzima.

Sasa ile asilimia tano. CPUQuota, kikomo kigumu cha prosesa cha systemd, huhesabu asilimia za kiini kimoja, haihesabu za mashine. Ukiandika CPUQuota=5% kwa watu ishirini, wote kwa pamoja wamepata kiini kimoja, na 31 vimelala! Alichokusudia ndugu yangu ni 160%, na hiyo nayo ina mwiba wake. Kikomo hupimwa kila milisekunde 100. Mwenye 160% ana milisekunde 160 za kutumia humo. Programu yake ikifungua nyuzi 32 (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja), moja kwa kila kiini, inazimaliza ndani ya milisekunde 5, halafu inasimamishwa 95 zilizobaki. Si hiyo programu peke yake, ni slice yote. Akiandika herufi kwenye terminali inakwama, anapiga simu kulalamikia mtandao, na fundi wa mtandao anahangaika siku nzima na nyaya zisizo na kosa.

Kikomo huwa nakiweka mahali ambapo mteja amelipia kiasi maalumu, basi. Uzito nao haunipi usingizi mnono. Hauzuii mtu kujaza RAM wala kuisonga diski. Zaidi ya hapo, kontena (programu zilizofungwa pamoja na mazingira yake) zinazoanzishwa kupitia huduma ya Docker mara nyingi huzaliwa chini ya system.slice, kundi la huduma za mfumo, nje kabisa ya slice ya aliyezianzisha. Mwenye ruhusa ya Docker anaupita mgawanyo wote huu bila hata kukusudia, na sijapata dawa inayoniridhisha zaidi ya kumwondolea ruhusa hiyo na kumpa Podman, mbadala wa Docker usiohitaji root, yaani mamlaka ya msimamizi mkuu. Ndiyo maana nilimwomba ndugu yangu anitumie kwanza orodha ya walio kwenye kundi la docker, kabla hajamgusa kijana wa usiku.