Gari la tabo, super ya Malindi na lawama kwa kijana wa pampu

Mpwa wangu alishuka kutoka Nairobi na Subaru WRX STI, gari lenye tabo (kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini), akajaza tangi kwenye sheli moja hapa Malindi. Kufika karibu na Gede, akakanyaga ili apite lori, injini ikatoa mlio kama changarawe zinazotikiswa mkebeni. Akanipigia: "Mjomba, wamenitilia mafuta machafu!" Jioni gari likaegeshwa chini ya mwarobaini nyumbani, na kila aliyepita akatoa fatwa yake.

"Hii ni super, haina ya juu yake." Jina ndilo linalotupumbaza. Kenya hii super ndiyo petroli ya kawaida. Yapo mafuta ya okteni ya juu zaidi, yaani yanayostahimili kubanwa zaidi, ila kwa sheli chache na kwa bei ya kuongeza. Nyuma ya kifuniko cha tangi la gari lile kuna kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna aliyewahi kukisoma. Tukakielekezea simu itafsiri: petroli isiyo na madini ya risasi, daraja la juu. Kwa kiwango cha Japani, daraja hilo ni okteni 96 kwenda mbele, na petroli ya kawaida ni 89 kwenda mbele. Ndiyo maana Probox na Vitz zilizotoka huko huko, zilizoundiwa hiyo ya kawaida, zinakunywa super yetu bila kunung'unika.

"Okteni kubwa ni mafuta yenye moto zaidi." Hapana. Okteni hupima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa kabla ya kujiwakia. Ndani ya silinda, cheche ya plagi ndiyo inayotakiwa kuwasha, kisha moto usambae kutoka hapo. Okteni ikiwa ndogo na mbano ukawa mkubwa, mafuta ambayo moto haujayafikia hulipuka yenyewe. Huko ndiko kugonga, ule mlio wa changarawe, na tabo, kwa kuwa hushindilia hewa zaidi, hukuzidisha. Kuitilia tuktuk okteni ya juu ni kutupa pesa tu.

"Nairobi halikugonga, basi ya Malindi imechanganywa." Uchakachuaji upo, sikatai. Mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo, maana yalikuwa yakichanganywa na mafuta mengine. Lakini kabla ya kumshika mtu shati, tazama ulipotoka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, injini inavuta kidogo, na mbano unapungua. Tabo hufidia sehemu ya upungufu huo, si wote. Hapa tuko usawa wa maji, hewa ni nzito, na kaskazi ikipamba moto hewa inaingia kwenye injini ikiwa tayari ina joto. Super ile ile iliyonyamaza Nairobi inaweza kugonga Gede. Nilipomweleza, mpwa wangu alinitazama kama ninamtetea shemeji.

"Injini imekwisha, mwaga tangi lote." Kwa tangi moja, mara nyingi si lazima. Magari haya yana kihisio kinachosikia kugonga, na kompyuta huchelewesha cheche. Utapoteza nguvu kidogo, basi. Usikanyage mpaka chini, usilikokoteze kwa gia kubwa likiwa halina mwendo, na tangi likipungua ongeza yale ya okteni ya juu. Balaa ni kuendelea kulibana huku linagonga: hapo pistoni huvunjika. Na kama kompyuta imeshachezewa na fundi ili gari litoe nguvu zaidi, usitegemee ikuokoe.

"Nunua kichupa cha kupandisha okteni." Soma maandishi madogo. "Pointi tano" zinazoahidiwa pale mara nyingi ni nusu tu ya namba moja ya okteni.

"Hata dizeli kidogo haidhuru, itaungua tu." Hili ni jambo jingine kabisa. Dizeli ikiingia kwenye gari la petroli, usiguse hata ufunguo. Livutwe, tangi likaushwe. Kwa bahati mdomo wa pampu ya dizeli kwa kawaida ni mnene, hauingii kwa urahisi. Petroli ndani ya gari la dizeli huingia bila kizuizi, nayo huua pampu ya mafuta kwa kuikosesha ulainisho.

Jumatatu mpwa wangu alirudi Nairobi kwa mwendo wa bibi harusi. Alipofika Voi akanipigia: hakuna mlio. Kijana wa pampu bado hajaombwa radhi.