Kazinga: ndege tunaowasingizia

Neno lenyewe limetuponza. Ukisema Mfereji wa Kazinga, msikilizaji anawaza majembe na vibarua, kama Suez. Hakuna aliyeuchimba. Ni mkondo wa asili wa zaidi ya kilomita 30, magharibi mwa Uganda, unaotoa maji Ziwa George na kuyamwaga Ziwa Edward. Hifadhi inayouzunguka ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga. Miaka 2 baadaye malkia wa Uingereza akazuru, ikaitwa Queen Elizabeth.

“Boti ni ya kutazamia viboko.” Wengi hupanda pale Mweya, gati la boti, na wazo hilo, na kwa saa mbili nzima kamera haipandi juu ya mgongo wa kiboko. Hifadhi hii ina zaidi ya aina 600 za ndege! Halafu kiboko mwenyewe ndiye mwenye karamu: usiku anakula majani nchi kavu, mchana anakunya majini, kinyesi kinarutubisha mwani, vile vijimea vidogo vya majini wanavyokula sato, na samaki ndio wanaowaita ndege.

“Injini itawafukuza.” Ndege anayeruka ukimnyatia kwa miguu mara nyingi huiacha boti ipite karibu naye, kwa sababu inakuja taratibu, njia ileile, kila siku. Wanaowafukuza ni abiria: anayesimama ghafla, anayenyoosha mkono, anayepiga mluzi. Nahodha akipunguza mwendo karibu na ukingo, kaa chini.

“Mdiria hutulia tawini akisubiri samaki.” Wapo wa namna hiyo. Yule mwenye madoa meusi na meupe, ambaye Kazinga wamejaa, hana haja ya tawi. Anapiga mbawa akiwa palepale hewani, kichwa kimetulia tuli, kisha anajitupa majini kama jiwe. Hakuna ndege mkubwa kuliko yeye anayeweza kusimama hewani hivyo bila kubebwa na upepo. Kwa hiyo huvua mbali na ukingo kuliko wenzake, na kisamaki kidogo anakimeza hukohuko angani.

Na yale matundu kwenye kuta za udongo ambayo kila safari lazima mtu aseme ni ya nyoka? Ni nyumba zake. Huchimba handaki la mita moja na zaidi, jirani na majirani. Madume ambayo hayajapata majike husaidia kulisha makinda, ya wazazi wao au hata ya ndege wasio na undugu nao. Mimi hapo ndipo huwasahau tembo.

“Mwari huweka akiba ya samaki mfukoni.” Mfuko ule ni wavu, si kapu. Anachota maji na samaki pamoja, anainamisha mdomo maji yachuruzike, anameza. Akiruka, mfuko ni mtupu.

“Mnandi anayetandaza mbawa anaomba.” Anajikausha. Manyoya yake hulowa, jambo linalomsaidia kuzama.

Kuhusu fundichuma, sitaki ugomvi na wazee. Sehemu nyingi husemwa kuwa ukibomoa kiota chake umejiletea mkosi, tena kwamba ndege wengine humjengea kwa kuwa ni mfalme wao. Ukweli ni kwamba hujenga mwenyewe na mwenzi wake, kwa maelfu ya vijiti, hadi mita moja na nusu, kiota imara kiasi cha kubeba uzito wa mtu. Wakikiacha, bundi au mabata huhamia. Nadhani hapo ndipo hadithi ilipozaliwa: mtu ameona ndege wa kila namna wakitoka nyumba moja. Mlango umekandikwa tope na uko upande wa chini, kwa hiyo aliyesimama juu ya ukingo haoni kitu ila lundo la vijiti. Aliye ndani ya boti anauona wote, kutoka chini.