Ukiuona Mfupa wa Kale Mwaloni, Uache Palepale

Wachimba mchanga na wavuvi wa mialo ya Mwanza wanazidi kutuletea sisi watafiti mifupa iliyogeuka jiwe, yaani visukuku, imefungwa kwenye mifuko ya sandarusi. Tunajua nia ni njema. Lakini kisukuku kilichong'olewa kinafika kwetu kimeshapoteza sehemu kubwa ya habari zake, kwa sababu tabianchi ya kale tunaisoma pia kwenye tabaka la udongo kilimolala.

Ziwa Victoria, hata penye kina kikubwa kabisa, lina mita 80 hivi tu, na sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayolinyeshea. Barafu ilipotanda kaskazini mwa dunia, bahari zilipoa, mvuke ukapungua, mvua za huku zikakatika. Tope lililochimbuliwa chini ya ziwa linaonyesha kwamba lilikauka, na maji yakarudi miaka 15,000 hivi iliyopita. Panapovuliwa dagaa leo paliwahi kuota nyasi.

Wanyama wa nyasi walikuwapo hata kabla ya hapo. Kisiwani Rusinga, upande wa Kenya, kwenye tabaka za kati ya miaka 100,000 na 33,000 iliyopita, imepatikana mifupa ya choroa na pundamilia wa Grevy, wanyama wa nyika kame ambao leo hawaishi kabisa kandokando ya ziwa hili. Wamo na waliotoweka, kama Rusinoryx, ndugu wa nyumbu aliyekuwa na nundu yenye uwazi ndani juu ya pua. Tabaka za chini zaidi kisiwani humo, za miaka milioni 18 hivi, zina habari tofauti kabisa: humo mna Ekembo, nyani asiye na mkia aliyeishi mitini, ambaye fuvu lake mtafiti Mary Leakey alilipata mwaka 1948. Kisiwa kimoja, misitu kisha mbuga.

Jino ndilo shahidi mkubwa wa badiliko hilo. Kuanzia miaka milioni 10 hivi iliyopita, nyasi za nchi za joto zilienea Afrika Mashariki. Nyasi zina chembe ngumu, tena zimejaa vumbi, na hulisaga jino kila siku. Aliyezaliwa na meno mafupi yalimwishia mapema akafa njaa. Mwenye meno marefu kidogo aliishi, akazaa zaidi. Hapa niseme wazi, maana nasikia kinyume chake hata kwa walimu: mnyama hajirefushi meno kwa kuyahitaji. Tofauti huwapo tangu kuzaliwa, ukame huamua nani atabaki.

Kaboni iliyo kwenye jino hutuambia kama mnyama alikula majani ya miti au nyasi. Lakini bila tabaka lake hatujui alikula zama zipi.

Jambo jingine, tafadhali acheni kupasua mawe ya vilima vya Mwanza mkitafuta mifupa. Ni matale (graniti) yaliyopoa kutoka uji wa moto zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla ya mnyama yeyote. Tumelisema hili mara nyingi.

Ukiona kisukuku, usikioshe wala usikichokonoe. Weka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, piga picha ya karibu, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha mti au nyumba ya jirani. Kifunike kwa udongo uleule, uweke alama. Toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, naye aipeleke wilayani hadi Idara ya Malikale. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, kuchimba malikale bila leseni ni kosa, hata shambani kwako, na kuzitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa jingine. Adhabu ni faini au kifungo. Anayetoa taarifa hashtakiwi kwa kutoa taarifa, na shamba halichukuliwi kwa sababu ya jino moja.

Mtendaji akisema hajui pa kuipeleka, mwombe aiandike kwenye daftari lake na kukuelekeza kwa afisa utamaduni wa halmashauri.