Eti ukienda bustani ya burudani na ndugu mwenye ulemavu hampangi foleni?

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo, na kila tukitoka kwenye hizi bustani za rola kosta (vile vigari vya kasi vinavyopanda na kushuka kwenye reli) na mabembea makubwa lazima nisikie "nyie raha yenu, hampangi foleni". Haya ngoja niyamwage yote leo maana nimechoka kujibu mmoja mmoja.

DHANA: Ukiwa na kiti mwendo unapita mbele ya watu wote.

UKWELI: Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Sehemu nyingi wanachokupa ni muda wa kurudi, yaani ubao ukiandika foleni ni dakika 60 na wewe unaambiwa rudi baada ya kama saa nzima, tofauti ni kwamba unasubiria kivulini au karibu na choo badala ya kubanana na watu. Kusubiri unasubiri vilevile. Disney, wale Wamarekani wenye bustani kubwa za burudani, zamani walikuwa na kadi ya wageni wenye ulemavu iliyokuwa rahisi kupata, sasa 2013 magazeti ya Marekani yakaandika kuhusu matajiri wanaokodi watu wenye ulemavu wajifanye ndugu zao ili wapite mbele (watu hawana aibu jamani), na mwaka huohuo kadi ikaondolewa ukaja utaratibu unaoitwa DAS, huo wa kupewa muda wa kurudi. 2024 wakabana tena, kwenye bustani zao za Marekani DAS ikawa inalenga hasa wenye usonji (autism) na hali zinazofanana nao, unahojiwa kwanza kwa video, na ukigundulika umedanganya wanaweza kukufungia kabisa. Kwa hiyo kiti mwendo peke yake hata hiyo DAS huenda kisikupe, unaambiwa njia ya foleni ni pana, kiti kinapita, ingia kama wengine. Tapeli kadanganya, anayehojiwa kwenye video ni mama wa mtoto mwenye usonji.

DHANA: Ataenda kutazama tu, hawezi kupanda chochote.

UKWELI: Ipo michezo unayoingia na kiti chako kama kilivyo, mfano ile "it's a small world" ya Disneyland kule California ina boti inayopakia kiti mwendo. Mingine lazima uhame kutoka kwenye kiti kwenda kwenye siti, na hapo ndo wengi hawajajipanga, kwa sababu wafanyakazi kwa kawaida hawaruhusiwi kumbeba mgeni, kazi ni yenu wenyewe. Sisi mimi nashika kwapani, mama anashika chini ya magoti, moja mbili tatu, huku foleni nzima imetukodolea macho na mdogo wangu anacheka mpaka analegea, na akilegea ndo uzito unaongezeka. Soma mwongozo wao mtandaoni kabla ya kukata tiketi, wengi wanaandika kila mchezo unahitaji nini.

DHANA: Wakimkatalia huo ni ubaguzi.

UKWELI: Wakati mwingine ni uzembe wa mtu asiyejua mwongozo wake mwenyewe, nishakutana na mmoja alitukatalia mchezo tuliopanda asubuhi yake. Ila mara nyingi sababu ni ya kweli. Kwenye rola kosta nyingi chuma cha kukubana kinakaa juu ya mapaja, sasa kama miguu imekatwa juu kinashika nini? Mwaka 2011 jimbo la New York, mwanajeshi aliyepoteza miguu yote miwili Iraq alirushwa nje ya rola kosta akafariki. Na jiulize pia ikizimika huko juu mtashukaje, maana mara nyingi ni kwa ngazi.

DHANA: Huyo mbona mzima tu.

UKWELI: Usonji, kifafa, ugonjwa wa moyo, havina kiti wala fimbo. Mtoto kaziba masikio anapiga kelele, we unasema kadekezwa. Taa za kuwakawaka kwa mwenye kifafa si mchezo.

DHANA: Bustani zilizojengwa kwa kuwafikiria wenye ulemavu ni za kwao peke yao.

UKWELI: Morgan's Wonderland ya San Antonio, Texas, ilifunguliwa 2010 na baba mmoja aliyemwona binti yake akijaribu kucheza na watoto wengine kwenye bwawa la kuogelea, wale watoto wakatoka wakaondoka. Mwenye ulemavu anaingia bure, ila asiye na ulemavu naye anaingia, lengo ndo hilo wacheze pamoja. 2017 wakaongeza bustani ya maji, na kuna viti mwendo vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwa sababu betri na maji haviivi chungu kimoja.

DHANA: Choo cha walemavu kipo, basi imetosha.

UKWELI: Kipo, kina mlango mpana na chuma cha kushikia. Sasa kijana wa kilo 60 anayevaa nepi unambadilishia wapi, ile meza ya kukunja ni ya mtoto mchanga. Mama ametandika khanga kwenye sakafu ya choo zaidi ya mara moja, mimi nimesimama mlangoni naona maji ya kunawia ya mtu mwingine yanatiririka kuja kwenye khanga. Uingereza kuna vyoo vinavyoitwa Changing Places, vina kitanda cha mtu mzima na mashine ya kumnyanyua, na baadhi ya bustani kubwa wameviweka. Siku hizi kabla sijauliza bei ya tiketi nauliza hicho kitanda, na ukisikia mtu wa mapokezi anakujibu "kitanda cha nini?" ujue khanga inarudi kwenye begi.