Nyumba ya prefabu kisiwani Pate: pima njia kabla ya kupima chumba

Wateja wengi hunipigia simu wakiwa wameshachagua rangi ya kuta. Mimi huwauliza kwanza shamba liko wapi, chombo kinafunga wapi, na maji yakipwa panabaki nini: mchanga, mwamba au tope la mikoko. Majibu hayo ndiyo yanayoamua nyumba iwe ya namna gani. Ninajenga nyumba za prefabu, yaani zinazotengenezwa kiwandani na kuletwa shambani, kuanzia Malindi hadi visiwa vya Lamu, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuvusha mzigo na kusimamisha sawasawa miguu ya zege inayobeba nyumba. Kuta husimama upesi mno, hata mwenye nyumba akadhani tumemdanganya.

Kuna prefabu za aina mbili. Ya kwanza ni chumba kilichokamilika kiwandani, chenye milango, madirisha na nyaya, kinacholetwa na lori na kushushwa na kreni. Kama shamba lako liko Gongoni au Kakuyuni, upande wa Malindi, barabara inapitika na lori lina mahali pa kugeuzia, hiyo ni raha tupu. Upana wake mara nyingi hauzidi sana mita 2.4, kipimo cha kontena, kwa kuwa ndicho kinachokaa vizuri juu ya lori. Ya pili huja vipande vipande: fremu ya chuma, paneli za ukuta, za paa, na masanduku ya boliti na skrubu. Ukishavuka Mokowe, gati la bara la kuendea visiwani, chagua hii ya pili, usijitese.

Tuchukue shamba la minazi nje kidogo ya mji wa Siyu, kisiwani Pate, na chumba cha mita 6 kwa 3. Paneli ya ukuta ni mabati mawili ya nusu milimita, katikati yake povu gumu jeupe la milimita 50, lile lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Mita moja ya mraba ina kilo 8 au 9. Paneli ya upana wa mita 1.15 na urefu wa mita 2.4 haifiki kilo 25, hamali wawili wanaibeba huku wanapiga soga. Shida yake ni upepo. Paneli iliyosimamishwa ni tanga, na kusi ikivuma humtupa aliyeishika. Chomboni zilazwe chini, zifungwe kamba pamoja. Kazi za visiwani mimi huzipanga wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na masika hayajaingia. Tena mvua kubwa huweza kukufungia njia hata kabla hujaiona bahari: mwishoni mwa 2023 mafuriko ya mto Tana yaliikata barabara ya Lamu maeneo ya Gamba.

Uzito halisi uko kwenye fremu. Chuma cha mita 6 kwenye njia ya punda kati ya minazi ni balaa. Mwambie mwenye kiwanda kila mhimili mrefu aukate vipande viwili vya mita 3, atoboe matundu na kutengeneza vibao vya kuungia, vyote kabla ya kupakwa zinki. Ukisubiri kukata na kutoboa shambani, kila tundu jipya ni mahali pa kutu kuanzia, na hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Sasa maji. Mkanda, njia ya baina ya Manda na bara, una kina kifupi, na chombo chenye shehena hungoja maji yajae. Siyu nayo huingiwa kwa hori ya mikoko. Ukichelewa umepwelewa, unakaa juu ya tope mpaka maji yarudi. Kwa hivyo mzigo mzito hupangwa kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa zaidi, ila hupwa kwa kasi vilevile, kwa hiyo wachukuzi wawe wameshafika pwani kabla ya chombo. Siku za maji mafu, yasipojaa sana, nileteeni skrubu na magodoro.

Upakiaji nao una kichwa chake. Kwenye lori, kitakachohitajika kwanza hupakiwa mwisho. Kwenye jahazi nahodha hataki kusikia hayo: kizito chini, basi. Mpangilio mzuri uliofanywa kiwandani hufia pale gati la Mokowe, na ndiyo sababu kila kipande lazima kiwe na namba ya rangi ya mafuta pande zote mbili. Karatasi za kubandika hung'oka zikirushiwa maji ya chumvi.

Miguu ndiyo mahali pa kutumia pesa na subira. Zege la kumimina palepale kisiwani lina mitego miwili: mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula nondo, na visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Maji ya jabia, birika la kuhifadhia mvua, ni ya kunywa watu, usithubutu kuyakorogea simiti. Mimi humimina miguu bara, kwa mchanga wa mto na maji matamu, ikauka vizuri, kisha ikavushwa. Kitako cha sentimita 40 kwa 40, unene 20, kina kilo 77 hivi. Wanaume wawili na mti begani wanakipeleka. Shambani unachimba hadi ardhi ngumu, unang'oa mizizi ya minazi yote, unashindilia kokoto, ndipo unakilaza.

Kisha kupima. Fremu ya mita 6 kwa 3 ina mshazari wa mita 6.708, pima kona kwa kona pande zote mbili, zikitofautiana hata sentimita moja paneli ya mwisho haitaingia. Kwa usawa situmii pima maji fupi kwenye umbali huo. Ninatumia mpira mwembamba wa kuonekana ndani, uliojazwa maji, ambayo husimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili. Kabla ya kusoma alama, uinue juu ya kichwa na uukague taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kapovu kadogo ka hewa kakinaswa kwenye mkunjo kanaupotosha usomaji, na hutajua mpaka siku mlango unapoanza kukwaruza sakafu. Hapo fundi wa mlango atalaumiwa bure. Juu ya kila mguu weka kofia ya bati yenye ukingo ulioinama chini. Haimzuii mchwa, lakini inamlazimisha ajenge njia yake ya udongo pale nje, ukamwona.

Kosa moja linaloua nyumba hizi mapema ni grainda. Cheche zake huunguza rangi na zinki kwenye kingo za paneli na kurusha vichembe vya moto kwenye ukuta wa jirani. Siku chache baadaye ukuta mpya umejaa vidoa vya kahawia. Tumia msumeno wa kukatia chuma, na chenga zifagiliwe siku hiyo hiyo. Skrubu za paa zipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanapopita, na wosha ya mpira ikazwe tu mpaka itulie. Ikiwa imevimba pembeni, umeshaiharibu.

Joto je? Chumba cha chuma chini ya jua la Lamu bila kivuli ni adhabu. Kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, ndefu zipokee kaskazi na kusi kwa madirisha yanayokabiliana. Halafu paa la pili, juu kidogo, upepo upite katikati, likisimama kwa nguzo zake lenyewe. Makuti yanapoza kuliko chochote, lakini maji yake huwa ya kahawia. Ukitaka kuvuna mvua weka mabati: paa la mita 8 kwa 5 likipata milimita 10 za mvua linakupa karibu lita 400. Kisiwani nami ningechagua mabati.

Jiko likae nje, mbali. Lile povu huyeyuka na kuwaka kwa moshi mzito mweusi, kwa hiyo hakuna kuchomelea chuma paneli zikishasimama, na nyaya zote zipite ndani ya bomba zake.

Karatasi: kwa sheria ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, unahitaji ruhusa ya kaunti hata kama nyumba ilikuja kwa jahazi, na mradi uandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Fanya hayo kabla ya kumlipa mwenye kiwanda.

Baada ya hapo, kila kusi ikiisha, osha kuta kwa maji matamu, hasa chini ya upenu ambako mvua haifiki. Chumvi hujikusanya huko, na kutu ya kwanza huonekana huko huko.