Deni la kaunti haliko benki

Kila ripoti ya Msimamizi wa Bajeti inapotoka, mitandao huwaka moto: "Magavana wamekopa mabilioni, wajukuu wetu ndio watakaolipa!" Hasira ni ya haki, ila imeelekezwa pasipofaa. Waulize wanaolalamika ni benki gani iliyoikopesha kaunti yao na kwa riba ipi, uone kama utapata jibu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mikopo rasmi ya kaunti za Kenya imekuwa haba mno.

Yale mabilioni yanayotajwa ni bili ambazo hazijalipwa, yaani pesa za wakandarasi na wasambazaji waliokwisha kufanya kazi. Kufikia katikati ya mwaka 2025, kaunti zote 47 zilikuwa zinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 170 kwa njia hiyo, Nairobi ikiongoza.

"Gavana akitaka kukopa, anatia saini tu"

Hata kidogo. Kifungu cha 212 cha Katiba kinaweka masharti mawili: serikali ya kitaifa idhamini mkopo, na bunge la kaunti liuidhinishe. Kanuni za fedha za mwaka 2015 zikaongeza kwamba deni la kaunti lisizidi asilimia 20 ya mapato yake. Kaunti ya Laikipia ilipanga kuuza hatifungani, yaani hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji, ya kama shilingi bilioni 1.16 kwa ajili ya miundombinu. Gavana aliyeisukuma akaondoka mamlakani mwaka 2022 ikiwa haijauzwa.

"Basi wakope walipe mishahara, madaktari warudi kazini"

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema mikopo ni ya maendeleo. Upo mwanya mdogo wa kukopa kwa muda mfupi mgao wa serikali ya kitaifa unapochelewa, lakini pesa hizo hazipaswi kupita asilimia 5 ya mapato yaliyokaguliwa, na zirudishwe ndani ya mwaka.

"Hakuna mkopo, kwa hiyo hakuna aliyekopesha"

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Bajeti ya kaunti sharti isawazike. Madiwani wanataka miradi katika kila wadi, na mgao kutoka Hazina Kuu unajulikana, hauongezeki kwa kutamani. Kinachobaki kuchezewa ni makadirio ya mapato ya ndani: ada za maegesho, leseni za biashara, kodi za ardhi, malipo ya hospitali. Tarakimu inapandishwa mpaka hesabu ikubali, kisha zabuni zinatolewa kwa pesa ambazo ziko kwenye karatasi peke yake. Juni 30 ikifika, mwaka wa fedha unafungwa, kazi imefanyika, akaunti haina kitu.

Mtazame mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyepata LPO, yaani hati ya kaunti ya kuagiza bidhaa, ya saruji na mabati ya zahanati. Anachukua mkopo wa sacco, anapeleka mzigo, mwenye stoo anausaini, ankara inapigwa muhuri. Kuanzia hapo ni njoo kesho. Wiki hii faili liko kwa mhasibu, wiki ijayo IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, imelala, mwezi ujao Hazina Kuu haijaachilia pesa. Huko sacco riba haimsubiri mtu, na wadhamini wake wameanza kumpigia simu. Huyu ndiye aliyeikopesha kaunti. Hakuna aliyemwomba idhini, na hakuna bunge lililoketi kujadili masharti ya mkopo wake. Mimi nauona huu kuwa mkopo mbaya kuliko wa benki, maana benki ingalau inajua inaingia wapi.

Wapo wanaomshauri aende mahakamani, apige mnada magari ya kaunti. Ushauri huo utamgharimu wakili bure. Akishinda kesi, sheria bado inakataza kukamata mali ya serikali, na ulinzi huo unazihusu kaunti pia. Atalazimika kurudi kortini kuomba amri ya kumshurutisha afisa mhusika alipe.

Kisha gavana mpya anaingia na kusema deni si lake. Ni kweli si lake. Ni la kaunti, na kaunti haiondoki na mtu. Anachoweza kudai ni uhakiki, na hapo ana hoja. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alipochunguza bili za hadi Juni 2018, kati ya shilingi bilioni 88.98 zilizowasilishwa, ni bilioni 51.28 tu zilizopita. Bili hewa zipo. Tatizo ni kamati za uhakiki zinazoundwa upya kila utawala ukibadilika, na mwenye saruji anapanga foleni na mwenye karatasi za kubuni.

"Kukopa kwa huduma za umma ni balaa popote pale"

Tuvuke mpaka. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ambayo ni taasisi ya umma ingawa si halmashauri, iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 za Tanzania, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walijitokeza kuliko kiasi kilichotakiwa, na ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Pesa ni za kupanua huduma ya maji, nazo zinarudishwa kutokana na bili za wateja wa maji haohao. Mabomba yanatumika miaka mingi, kwa hiyo si dhuluma anayeyatumia baadaye kuyachangia.

Soko liliikubali kwa sababu bili za maji zinakusanywa kila mwezi na vitabu vya mamlaka vinasomeka. Kaunti itakayobisha hodi kwenye soko hilo itaombwa vitabu vyake pia, na mwekezaji atafungua kwanza ukurasa wa wasambazaji ambao hawajalipwa.