Je, wajua jinsi maji ya zambarau yanavyoweza kuzalisha umeme?

Msimu wa zambarau ukifika Nairobi, wachuuzi huzipitisha kati ya magari yaliyokwama kwenye foleni, na jioni watoto hurudi nyumbani na ndimi za urujuani. Rangi hiyo hutokana na molekuli ziitwazo anthosiani. Ndizo pia zinazolipa tunda la blakiberi weusi wake, na mwaka 1997 watafiti walichapisha matokeo ya seli ya jua, kifaa kinachogeuza nuru kuwa umeme, iliyopakwa maji ya blakiberi. Ilitoa umeme.

Mwenza wa anthosiani ndani ya seli hiyo ni oksidi ya titani, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukutani na dawa ya meno. Huu ni nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme pale tu elektroni zake zinapopewa nishati. Elektroni zake zimetulia chini, na ili zipande hadi ngazi ambako zinaweza kutembea, kila moja inahitaji takriban elektronivolti 3.2 (kipimo cha nishati ndogo sana). Nuru tunayoiona kwa macho haizidi 3.1 hivi. Ndiyo maana unga ni mweupe: hata jua kali la saa sita mchana hurudishwa karibu lote.

Anthosiani nayo hunyonya nuru kwa urahisi, lakini ikielea tu ndani ya maji, elektroni iliyopandishwa hushuka tena na nishati yake huishia kuwa joto.

Sasa zikutanishe. Molekuli ina vikonyo viwili vya oksijeni na hidrojeni vilivyo bega kwa bega. Vikonyo hivyo huachia hidrojeni na kushika atomu ya titani kwenye uso wa chembe ya unga. Hapo hutokea jambo ninaloliona zuri kuliko yote: wekundu wa maji ya tunda hugeuka urujuani mbele ya macho yako. Hakuna rangi iliyoongezwa. Molekuli iliyoshika uso wa titani si tena ile iliyokuwa kwenye glasi. Elektroni zake sasa zinashirikiana na zile za chembe, ngazi zake za nishati zimesogea, na kwa hiyo inanyonya nuru nyingine.

Ngazi ya juu ya molekuli iko juu ya ile ya titani, kwa hiyo elektroni iliyopandishwa na jua haina haja ya kurudi ilikotoka. Humwagikia ndani ya chembe kwa muda usiofika femtosekunde 100, yaani sehemu moja kati ya trilioni kumi za sekunde. Kisha husafiri kwenye waya, na iodini iliyo kwenye kimiminika kinachojaza seli huirudishia molekuli elektroni nyingine.

Blakiberi iligeuza takriban nusu ya asilimia moja tu ya nishati ya jua kuwa umeme. Watafiti O'Regan na Grätzel, huko Uswisi mwaka 1991, walikuwa wamefikisha asilimia 7 kwa rangi ya ruteni, lakini ruteni ni metali adimu na ghali. Zambarau haina ughali huo, na mshiko wake ni wa kweli: ukisuuza kwa maji safi kioo kilichopakwa unga huo, unga hubaki na urujuani wake.